Andika Usiku Uleule Unapokifunga Kitabu

Wiki mbili zilizopita msichana mmoja wa chuo aliniandikia ujumbe ambao nimetembea nao moyoni tangu siku hiyo. Alisema hivi: "Dada, natumaini u mzima. Mimi husoma sana, lakini nikishamaliza kitabu na mtu akaniuliza nimekionaje, nakosa la kusema. Hunibidi kwanza nitafute wengine wamesema nini, kisha niseme kama wao. Wewe hufanyaje?" Nilimjibu kwa sentensi mbili, kwa kuwa wateja walikuwa wamenisubiri, na jibu lile halikuniridhisha mimi niliyelitoa, seuze yeye aliyeuliza. Leo ni Jumapili, duka limefungwa, na nina kutwa nzima ya kumjibu inavyostahili.

Jibu lenyewe ni fupi, na nitalirudia kwa sababu sijaona linalolishinda: andika usiku uleule unapokifunga kitabu, kabla hujasikia neno la mtu mwingine yeyote. Andika kilichokupata wewe. Mengine yote nitakayoyasema hapa ni namna nilivyojifunza jambo hilo, nikalipoteza, kisha nikalipata tena kwa uchungu.

Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Siku zangu hupita kati ya mizani ya misumari, mabati yaliyoegemezwa ukutani na kitabu cha risiti, na kati ya mteja na mteja ndipo ninaposoma. Mwezi uliopita nilimaliza kitabu cha 312 tangu nilipoanza kuweka daftari langu mwezi wa Januari 2015. Daftari ninaloandikia sasa ni la sita, na yote sita ni yale ya jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu ambayo wenye maduka hutumia kuandikia madeni. Nasema idadi hiyo kwa fahari, kwa sababu hakuna mtu aliyenipa hata saa moja ya kusoma. Kila saa niliitoa kwenye usingizi wangu, kwenye foleni ya benki, au ndani ya matatu kutoka Migosi kwenda mjini. Najua wewe unayesoma makala haya unatamani jambo hilohilo: kusoma riwaya, utenzi, tamthilia, tawasifu na hadithi za upelelezi, na kuwa na neno lako mwenyewe juu ya kila kimoja.

Shuleni hatukufundishwa hivyo. Kitabu tulikigawa vipandevipande kama kuku wa kuchinjwa: hapa dhamira, hapa maudhui, pale wahusika, na mwisho kabisa mbinu za lugha. Nilipokuwa kidato cha tatu tulisoma Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980. Nilipofika pale Tamima anapopewa talaka kwa kosa la kukubali mkunga aingie ndani amsaidie kujifungua, kinyume cha amri ya mumewe, nililia bwenini chini ya blanketi huku nimeshika tochi kwa meno. Nilimlilia pia Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani mpaka siku alipotoka hakujua dunia inakwendaje. Asubuhi yake mwalimu alitupa swali, nami nikaandika kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii. Nilipata alama 17 kwa 20. Machozi yale hayakuwa na mahali pa kuandikwa, na kwa muda wa miaka mingi niliamini kwamba hayakuwa sehemu ya kusoma.

Kilichonifungua macho ni penseli ya mtu nisiyemjua. Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilimkuta mchuuzi ametandaza vitabu kuukuu juu ya turubai kando ya barabara ya Oginga Odinga, nikanunua kwa shilingi 80 nakala iliyochakaa ya Mzimu wa Watu wa Kale. Hiyo ndiyo riwaya ya upelelezi iliyotoka mwaka 1960 na kumtia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika fasihi yetu. Aliyeitunga, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima. Nilipoanza kusoma niliona kwamba mwenye kitabu wa kwanza alikuwa amepiga mstari chini ya jina la kila mtu aliyemshuku. Mstari wa kwanza ulikuwa mzito, wa kujiamini. Kurasa kadhaa baadaye aliufuta kwa kukwaruza karatasi, akapiga mwingine chini ya jina jingine, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo: "Kumbe huyu." Akakosea tena. Mara ya tatu aliandika neno moja tu, "Hapana," na penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboa ukurasa.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitendawili cha mauaji yenyewe. Hapa palikuwa na msomaji aliyethubutu kusema anachofikiri kabla hajajua jibu, na alipokosea akaliacha kosa lake lionekane. Hakuna mwalimu aliyemwongoza, hakuna mtihani aliousubiri. Jioni ileile nilinunua daftari, na usiku nilipomaliza riwaya nikaandika ukurasa wangu wa kwanza. Ninao hapa mbele yangu. Niliandika kwamba Bwana Msa amenifundisha kuwa mtu hujulikana kwa vitu vidogo anavyovisahau, na kwamba kesho yake nitatazama mikono ya wateja wangu kabla ya kusikiliza midomo yao. Nilifanya hivyo, na mpaka leo nafanya hivyo. Fundi anayenunua kwa pesa za mwenye nyumba huzihesabu kwa namna tofauti na anayenunua kwa pesa zake mwenyewe.

Kwa hiyo andika usiku uleule. Asubuhi utakuwa umekwisha kusikia la huyu na la yule, na neno lako litakuwa limekunywa maji ya wengine.

Sasa nije kwenye kitabu kilichonipa furaha kubwa, kisha aibu kubwa. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya kuuza vitabu vya misheni, akaolewa katika jamii ya Wajaluo, na akaishi kama Mkenya mpaka alipofariki mwaka 2015. Riwaya yake ya Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986, inaanza na msichana wa miaka 16 aitwaye Paulina anayepanda gari moshi kutoka Kisumu mwaka 1956, katika siku za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, kumfuata mumewe Nairobi. Niliianza dukani mchana, nikaendelea nayo kwenye matatu, na nilikuwa ningali ninaisoma usiku nilipofika sehemu ambayo Paulina amerudi kuishi Kisumu na mtoto wake mdogo anauawa kwa risasi siku ya ziara ya rais mwaka 1969.

Mtu wa Nairobi anaweza kuisoma sehemu hiyo kama tukio la riwaya. Mimi nilifunga kitabu, nikasimama. Hospitali ambayo Rais Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969 ndiyo ile tunayoiita Russia hadi leo, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na matatu yangu hupita mbele yake asubuhi na jioni. Nimewahi kulaza mgonjwa pale. Nimenunua ndizi langoni pake mara nisizoweza kuzihesabu. Habari za risasi zilizopigwa kweli siku ile nilikuwa nimezisikia kama mtu anavyosikia habari za ugomvi wa kale wa familia nyingine, kwa kunong'onezwa, bila mwanzo wala mwisho.

Niliandika kurasa nne usiku huo. Kesho yake jioni nilimkuta mwenye nyumba wetu, mzee wa makamo wakati huo, ameketi kwenye kiti chake cha mbao nje ya mlango akisikiliza redio ya Kijaluo. Nikamwomba ruhusa nimsomee kitu. Nilikuwa nikisoma Kiingereza sentensi moja, kisha naigeuza kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka aisikie kwa lugha tunayozungumzia kodi na maji na habari za watoto. Alinyoosha mkono akazima redio. Nilipomaliza alinyamaza, halafu akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "mimi nilikuwa pale."

Alikuwa darasa la tatu. Alikuwa amesimama na wenzake kando ya barabara ili wampungie rais mkono. Alichokikumbuka zaidi hakikuwa mlio wa risasi, kwani alidhani ni magari; alikumbuka kiatu chake. Kilikuwa kiatu kipya cha turubai, cheupe, cha kwanza maishani mwake, na kilimtoka katika msukumano, naye hakuweza kuinama kukiokota. Alikimbia na kiatu kimoja mpaka nyumbani. Mama yake alimchapa kwa kupoteza kiatu, kisha jirani akaingia na habari za mjini, na mama yake akamshika akamkumbatia mpaka usiku, bila kusema neno. Mzee alinionyesha kwa viganja viwili ukubwa wa kile kiatu. Viganja vyake vilikaa vile hewani kwa kitambo.

Hayo yote niliyaandika kwenye daftari, chini ya maneno yangu ya usiku uliotangulia, kwa kuwa sikuona mpaka kati ya riwaya na kiatu. Bado siuoni.

Mwaka uliofuata nilialikwa na kundi la wasomaji lililokuwa likikutana katika ukumbi mmoja hapa mjini. Walikuwa watu wenye elimu: walimu, wanachuo, mawakili wawili. Kila mtu alipewa dakika kumi kuzungumza juu ya kitabu kilichomgusa. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikasoma kurasa zangu nne, na mwisho nikasoma habari za mzee na kiatu chake. Nilipoinua macho, mhadhiri mmoja aliyekuwa akiongoza mjadala alitabasamu akasema, "Asante sana, dada, lakini hayo ni masimulizi ya jirani yako. Hapa tunazungumzia riwaya." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu, na kipaza sauti kikapita kwa mwingine.

Sikumjibu. Nilirudi Migosi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikitunga majibu ambayo sikuyatoa. Kilichoniuma hakikuwa kuambiwa kwamba sijui uhakiki, kwani ni kweli sikusomea uhakiki. Kiliniuma kwamba mzee yule alikuwa amefungua mlango aliokuwa ameufunga kwa karibu miaka 50, akanipa mimi kilichokuwa ndani, nami nikakipeleka mahali ambapo kilichekwa. Sikumwambia. Aliniuliza jioni ile mkutano ulikuwaje, nikasema ulikuwa mzuri.

Kwa miezi saba sikuandika mstari hata mmoja. Nilisoma, ndiyo, lakini nikawa kama msichana aliyenitumia ujumbe: nikimaliza kitabu natafuta kwanza watu wamesema nini, nayasoma maneno yao, nakubaliana nayo. Ya miezi hiyo sina la kuwasimulia, na hilo linatosha kuwaonyesha jinsi ilivyokuwa. Vitabu 14 nilivyovisoma wakati ule ni kama sikuvisoma. Nikiona majalada yao leo sikumbuki nilikuwa wapi, mvua ilikuwa ikinyesha au jua liliwaka.

Aliyenirudisha ni mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 150 kabla ya siku hizo. Mwana Kupona binti Msham aliishi katika kisiwa cha Pate, kule kaskazini mwa pwani yetu, na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia wa beti zipatazo mia moja. Nilikuwa nimewahi kuusoma na kuukasirikia. Mwanamke wa leo akisoma jinsi mama yule anavyomwagiza mwanawe amtii mumewe, amkande akilala na asimwamshe, ana haki ya kukasirika, nami katika daftari la pili nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Wosia huu ni pingu." Zaidi ya hayo Kiamu chake, ile lahaja ya Lamu, kilinitoa jasho. Mimi ni mzaliwa wa Vihiga. Maneno kama negema na upulike sikuyajua mpaka jirani yangu aliyezaliwa Mombasa aliponieleza kwamba la kwanza ni sogea karibu na la pili ni usikilize.

Mwaka 2019 mama yangu aliugua, nikaenda nyumbani kukaa naye. Nilibeba vitabu vitatu, na utenzi ule ukiwemo ndani ya mkusanyo wa tenzi za kale. Usiku mmoja mama aliniita. Sauti yake ilikuwa imepungua sana, ikabidi nivute kigoda mpaka kikagusa kitanda. Akaanza kunieleza: hati ya shamba iko ndani ya sanduku la bati chini ya vitambaa vya meza, fulani wa chama ana shilingi 3,000 zake na asidaiwe kwa fujo, kuku mwekundu anaatamia nyuma ya stoo na mtu asimguse mpaka Ijumaa, mdogo wangu wa mwisho ana hasira, nimsikilize kwanza kabla ya kumkanya. Alizungumza hivyo kwa muda mrefu, jambo kubwa na jambo dogo yakifuatana bila mpango, na mimi nikiitikia "ndiyo mama" kila alipopumzika.

Alipolala nilifungua utenzi, nikaliona lile neno, negema. Sogea karibu. Nilikuwa nimelisoma mara mbili kabla ya hapo kama neno gumu la Kiamu linalohitaji maelezo, na sasa kigoda changu kilikuwa kimegusa kitanda cha mama yangu. Nilielewa kwamba Mwana Kupona hakuwa ameketi kuwatungia wanawake wote sheria. Alikuwa mama anayejua kwamba hana muda, na anamwachia binti yake kila anachokijua cha kumwezesha kuishi salama katika dunia aliyoijua yeye. Pingu nilizoziona zilikuwemo, na bado zimo. Sikulifuta neno langu la kalamu nyekundu. Lakini chini yake usiku ule, nikitumia kalamu ya kujazia kadi ya kliniki kwa kuwa ndiyo pekee niliyoipata, niliandika ukurasa wa kwanza baada ya miezi saba. Mama alifariki baada ya siku tisa. Kuku aliangua vifaranga kumi na mmoja.

Tangu hapo sijaacha. Aprili 2020 nilisikia redioni kwamba Ken Walibora amefariki, nikaichukua tena Siku Njema, riwaya yake ya mwaka 1996, na kumfuata upya kijana Kongowea Mswahili akitoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake. Mara hii niliandika juu ya jambo moja tu: fahari ya kujua kwamba Kiswahili kile kitamu kilitoka kwa mtu aliyezaliwa Bungoma, upande wetu huu ambao watu wa pwani wamezoea kusema tunakivunjavunja Kiswahili. Ukurasa huo ni nusu tu, na nusu inatosha.

Kitabu kingine kilichonipeleka nisikotarajia ni Unbowed, tawasifu ya Wangari Maathai ya mwaka 2006, iliyotoka miaka miwili baada ya kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Anasimulia mkuyu mkubwa uliokuwa karibu na kwao Nyeri na kijito alichokuwa akichezea utotoni, na jinsi alivyorudi akakuta mti umekatwa na maji yamekauka. Nilisoma hayo nikaona chemchemi ya bibi yangu Vihiga. Tulikuwa tukichota maji pale, watoto wote wa ukoo, na palikuwa na jiwe bapa la kutulizia ndoo ambalo katikati yake palikuwa pamebonyea kwa miaka mingi ya kutuliwa ndoo. Kisha mjomba alipanda mikaratusi mteremko mzima kwa ajili ya nguzo za kuuza, na kila mwaka maji yakapungua. Leo jiwe lipo na chemchemi haipo. Nilimaliza kuandika saa saba za usiku, na asubuhi nikampigia mjomba simu. Hakufurahi. Lakini mwaka jana alipokata ile mikaratusi hakupanda mingine karibu na bonde, na sidhani kwamba hilo lilijileta lenyewe.

Usifikiri basi kwamba kila kitabu kitakuja na mama, na mjomba, na mzee wa kiatu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba kabisa. Kinaingia kwenye mfuko wa aproni yangu ya dukani. Nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliandika: "Sikuelewa. Niliogopa." Mara ya pili: "Sikuelewa, lakini sikuogopa, nilihisi natembea usingizini na mtu ananijua jina." Mara ya tatu niliandika kurasa mbili ambazo bado hazinishawishi. Ningesoma kwanza wahakiki, ningejua mapema kwamba hiyo ni riwaya ya kifalsafa, nami ningeandika maneno hayo matatu na kulala usingizi mnono. Nisingekuwa na ile hofu, na naamini ile hofu ndiyo mwandishi aliyoikusudia.

Hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu nimeisoma kama kitabu, kurasa tano kwa siku wakati wa mapumziko ya mchana, nikaiandikia maoni kama nilivyoviandikia vingine. Wenzangu dukani walishangaa. Lakini anayeuza bawaba, komeo na timazi anapaswa kujua kwamba timazi, ile pima ya mwashi, ni neno linalostahili kuwekwa ndani ya shairi.

Wewe unayenisoma, nakusihi ulichukue jambo hili kwa uzito. Tuna taabu katika nchi yetu ya kudhani kwamba kitabu ni mali ya mtihani, na kwamba mtihani ukiisha mwenye haki ya kukizungumzia ni yule mwenye shahada. Ndiyo maana watu waliomaliza shule hawasomi tena. Waliambiwa kwa miaka minne kwamba walichokihisi hakina alama. Nenda maktaba ya umma, ipo hapa Kisumu, ipo Nakuru, ipo Kakamega, na uchukue kitabu cha aina usiyoizoea. Kama wewe ni wa riwaya za mapenzi, chukua tawasifu. Kama wewe ni wa vitabu vya biashara na mafanikio, chukua utenzi wa kale, hata kama utaelewa ubeti mmoja kwa mitano. Soma mpaka mwisho. Kisha usiku huohuo andika, kwa Kiswahili au Kijaluo au Kiluhya au lugha yoyote unayoota nayo, ulikuwa wapi, ni sentensi gani iliyokusimamisha, na ilikukumbusha nani. Usiandike "mwandishi amefaulu." Mwandishi hakuwa akikungoja wewe umpe alama. Wahakiki wasome baadaye, wana mengi ya kukufunza, nami huwasoma na kunufaika. Lakini waje wakukute nyumbani, una lako mkononi.

Na ukichekwa, kama nilivyochekwa, usinyamaze miezi saba. Hilo ndilo ninalolijutia. Mama yangu alipoanza kudhoofika mimi nilikuwa nimeacha kuandika, na yapo mambo aliyoyasema miezi ile, juu ya vitabu nilivyokuwa nikimsomea jioni kwa simu, ambayo nimeyasahau kabisa kwa kuwa sikuyaweka popote.

Msichana wa chuo amekwisha kuniandikia tena. Amenunua daftari la shilingi 150 na amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza, ambao nimeahidi sitausema ni juu ya kitabu gani.

Jumatano iliyopita nilipokea pia barua kutoka kwa lile kundi la wasomaji. Uongozi umebadilika, na barua haitaji siku ile hata kidogo; wameandika tu kwamba wamesikia habari za madaftari yangu na wangependa niyasome mbele ya wanachama Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kwa saa nzima, kama mgeni wa siku. Niliiacha barua mezani kwa siku mbili. Ijumaa usiku nililitoa daftari la pili nikazipata zile kurasa nne za Coming to Birth, na ile ya kiatu iliyo chini yake, nikazisoma kwa sauti chumbani peke yangu. Sikuona neno la kubadilisha. Nitazisoma kama zilivyo.

Jana jioni nilimweleza mwenye nyumba yote, pamoja na kicheko ambacho nilimficha miaka yote hii. Alisikiliza akikuna goti lake. Kisha akaniuliza kama watu wa nje huruhusiwa kuingia, na kama kuna viti vya kutosha, kwa sababu goti halimruhusu kusimama muda mrefu. Nimemwambia nitafika saa moja kabla ya wengine ili nimwekee kiti mstari wa mbele.